Tomcat kabatini: namna ya kuchagua, kuunganisha na kutunza modeli ya chuma ya F-14

Modeli ya ndege ya kivita ya Marekani F-14 Tomcat, ya skeli ya 1:72 (yaani ndogo mara 72 kuliko halisi), ina urefu wa sentimita 26 na nusu tu, lakini ukiinyanyua mkono unashuka. Mwili wake si plastiki. Ni aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu, kisha ikapakwa rangi na kuchapwa alama. Wengi wanaoishika mara ya kwanza hudhani kwamba kwa kuwa ni chuma, haivunjiki, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Mwili ni chuma kweli, lakini antena, milango ya magurudumu, makombora, ndoano ya mkiani na ncha ya puani ni plastiki nyembamba kama njiti ya kiberiti. Tomcat yangu ya kwanza niliivunja ncha ya pua dakika kumi baada ya kuifungua, na mpaka leo naiona alama ya gundi. Mwongozo huu nimeuandika ili yako isipatwe na hayo.

Hatua ya 1: Soma namba kabla ya kutoa pesa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote.

Kampuni ya Grumman ya Marekani iliunda Tomcat 712. Ya kwanza iliruka tarehe 21 Desemba 1970, na jeshi la majini la Marekani likaziaga rasmi tarehe 22 Septemba 2006. Iran iliagiza 80 ikapokea 79. Modeli iliyotengenezwa kwa uangalifu haikuoneshi Tomcat kwa ujumla. Inakuonesha moja kati ya hizo 712, katika mwaka fulani, juu ya manowari fulani ya kubeba ndege. Ukiijua ni ipi, utaweza kupima mwenyewe kama rangi ni sahihi, kama makombora ni sahihi, na kama muuzaji anajua anachokiuza.

Tafuta alama tatu kwenye picha za muuzaji.

Ya kwanza ni herufi mbili kubwa kwenye mapezi ya mkia. Hizo zinataja kikosi cha anga cha meli: kikianza na A ni cha upande wa Atlantiki, kikianza na N ni cha Pasifiki. Ya pili ni namba ya tarakimu tatu puani. Tarakimu ya mwanzo inaonesha skwadroni, yaani kundi la ndege ndani ya kikosi hicho, zinazofuata zinaonesha nafasi ya ndege ndani ya skwadroni hiyo. Namba inayoishia na 00 ni ya ndege iliyotengwa kwa jina la kamanda wa kikosi chote cha anga, na mara nyingi ndiyo hupakwa rangi za kupendeza zaidi, ndiyo maana watengenezaji wa modeli wanaipenda. Ya tatu ni ndogo sana, tarakimu sita, karibu na mkia. Hii ndiyo namba ya usajili. Herufi za mkia hubadilika ndege ikihamishwa, na namba ya pua hufutwa na kuandikwa nyingine, lakini hizi tarakimu sita ndege huzaliwa nazo na kufa nazo.

Nitoe mfano. Tarehe 19 Agosti 1981, Tomcat mbili za skwadroni ya VF-41, Black Aces, ziliruka kutoka manowari ya USS Nimitz zikakutana na ndege mbili za kivita za Libya, aina ya Su-22, juu ya Ghuba ya Sidra. Wa-Libya walirusha kombora, likakosa, na Su-22 zote mbili zikaangushwa. Tomcat ya kwanza ilikuwa na Henry Kleemann na David Venlet, namba ya pua 102, usajili 160403. Ya pili ilikuwa na Lawrence Muczynski na James Anderson, namba ya pua 107, usajili 160390. Mkiani zote mbili zilikuwa na AJ.

Sasa ifuatilie hiyo 160390. Miaka kumi na tatu baadaye ilikuwa Pasifiki, kwenye skwadroni ya VF-213, na mkiani imeandikwa NH. Tarehe 25 Oktoba 1994 ilikuwa inakaribia kutua juu ya USS Abraham Lincoln, karibu na San Diego, injini ya kushoto ikazidiwa. Afisa wa kiti cha nyuma alirushwa nje na kiti chake akapona. Rubani, Luteni Kara Hultgreen, mwanamke wa kwanza wa jeshi la majini la Marekani kufuzu kurusha Tomcat kutoka manowarini, alifariki. Ni ndege ileile. Mtu anayeangalia rangi na mchoro wa mkiani pekee ataona ndege mbili tofauti, na aliyesoma tarakimu sita ataona moja.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua tarakimu hizo sita uzitafute mtandaoni pamoja na neno F-14. Mara nyingi utapata picha ya ndege halisi. Ilinganishe na modeli.

Angalia pia aina. F-14A ilikuwa na injini za TF30, ilhali F-14B na F-14D zilikuwa na F110, na midomo ya kutolea moshi haifanani. Njia rahisi zaidi ya kuitambua D ni kuangalia kidevuni: ina vidude viwili vya vioo vilivyokaa sambamba, wakati A na B zina kimoja au hazina kabisa kulingana na mwaka. Na rangi: za miaka ya 1970 zilikuwa za kung'aa, kijivu juu na nyeupe tumboni, alama zikiwa na rangi kali. Kuanzia miaka ya 1980 zikageuzwa kijivu kilichofifia, ili zisionekane kwa urahisi angani. Modeli ikiwa na tumbo jeupe linalong'aa na kidevu cha D, jua kuna jambo.

Msomaji wa pwani yetu akiniuliza aanze na ipi, humwambia atafute yenye NE au NL ya mwaka 1992. Desemba mwaka huo USS Ranger, iliyokuwa na kikosi cha NE, ilikuwa nje ya Somalia wakati wa Operesheni Restore Hope, kisha ikapokewa na USS Kitty Hawk yenye kikosi cha NL. Skwadroni ya VF-111 iliyokuwa juu ya Kitty Hawk ndiyo ile inayojulikana kwa kuchora mdomo wa papa puani. Ni bahari hiihii tunayoogelea.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa unaoweza kuutunza

Skeli ya 1:72 ndiyo yenye chaguo nyingi, na Hobby Master, Century Wings na Calibre Wings wote wametoa Tomcat za ukubwa huo. Mabawa yakiwa wazi utahitaji nafasi ya sentimita 27 kwa upana, na yakikunjwa nyuma zinatosha 16 au 17. Ya 1:48 inakaribia sentimita 40 kwa urefu, nzuri lakini inakula rafu nzima. Ya 1:144 ina sentimita 13, na hiyo namba ya tarakimu sita utaihitajia kioo cha kukuzia kuisoma. Pima kabati lako kwanza.

Hatua ya 3: Kuagiza na kulipia ushuru

Kwa aliye Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, modeli itatoka nje. Ushuru wa forodha hapa kwetu unapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na bima, na kwa mzigo wa meli nauli pia, siyo bei ya duka peke yake. Juu yake kuna VAT: 16% Kenya, 18% Tanzania Bara na Uganda. Modeli za skeli zinaingia kwenye kichwa cha 9503 cha orodha ya forodha, pamoja na vitu vya kuchezea. Mwombe muuzaji aandike waziwazi kwamba ni modeli ya mapambo ya chuma na plastiki, na abandike risiti nje ya boksi. Neno la makombora likisimama peke yake kwenye karatasi huleta maswali yasiyo ya lazima.

Mwombe pia aweke kasha la modeli ndani ya boksi jingine kubwa lenye nafasi ya vidole vinne pande zote. Nililipia hilo mara moja nikaona tofauti, sijaacha tena.

Hatua ya 4: Fungua ukiwa umekaa

Usifungulie dukani wala kwenye gari. Tandika taulo nene mezani, zima feni, osha mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri. Glavu za pamba sizishauri, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye antena na kuzing'oa. Mikono mikavu na safi inatosha.

Kabla hujatoa chochote, piga picha ya namna kila kitu kilivyopangwa ndani ya kasha. Siku ya kurudisha utaishukuru picha hiyo.

Ndege hutolewa kwa kuinua kasha lake la ndani lote, siyo kwa kuvuta pua au mkia. Ikikwama, geuza kasha juu ya taulo na ubonyeze plastiki taratibu kutoka nyuma mpaka idondoke yenyewe, kutoka urefu wa sentimita moja tu. Hesabu vipande vidogo kabla hujatupa karatasi yoyote. Vingine vimefichwa chini ya kasha la pili.

Kagua siku hiyohiyo, maana wauzaji wengi wana muda maalumu wa kupokea malalamiko. Angalia kwenye mwanga wa dirisha: rangi iliyobanduka kwenye kingo za mabawa, alama iliyochapwa upande, kioo cha chumba cha marubani chenye ukungu, mapezi mawili ya mkia yasiyolingana. Piga picha za kasoro kabla ya kuunganisha lolote.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Amua kwanza: iko angani, inatua, au imeegeshwa juu ya sitaha? Usianze kuchomeka vipande kabla ya kujibu hilo, kwa sababu kila jibu lina mabawa yake, magurudumu yake na silaha zake.

Mabawa ya Tomcat halisi yalitembea kuanzia nyuzi 20 yakiwa yamefunguka mpaka 68 yakiwa yamelazwa nyuma kwa mwendo wa kasi, na juu ya sitaha yalisogezwa hadi 75, yakapita juu ya mapezi ya nyuma, ili meli ipate nafasi. Ukitaka ndege inayotua, mabawa yawe mbele kabisa, flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) chini, magurudumu chini, ndoano chini. Flapu chini na mabawa nyuma ni kosa ambalo ndege halisi isingeweza kulifanya, maana mitambo yake ilizuia. Ukitaka iliyoegeshwa, yalaze nyuma kwa kadiri modeli inavyoruhusu.

Kuyasogeza: shika bawa karibu na mwili, siyo nchani, usukume polepole kwa kidole gumba. Kuna modeli zenye meno ndani ambazo bawa moja likienda la pili linafuata, na kuna ambazo kila bawa liko peke yake. Jaribu kwa kusukuma kidogo sana ujue yako ni ipi. Ukisikia ugumu, simama, angalia kama rangi imeganda kwenye ufa, uikwangue kwa kijiti cha meno. Ukilazimisha, rangi itachubuka mstari mrefu juu ya bawa, na hakuna rangi ya dukani itakayolingana nayo.

Magurudumu. Miguu ya nyuma huwa na alama: L ni kushoto, R ni kulia, ukiitazama ndege kama rubani aliyekaa ndani. Chomeka wima bila kuzungusha. Tundu likiwa dogo, chukua ncha nyembamba ya keekee na uizungushe kwa vidole, siyo kwa mashine, mara mbili tatu tu. Mguu wa mbele ndio dhaifu, na uzito wa chuma chote cha pua unaukalia, kwa hiyo ukiwa na shaka nao weka ndege juu ya stendi. Milango iliyofungwa uliyoitoa ihifadhi kwenye kifuko kidogo chenye namba ya ndege.

Silaha. Hapa ndipo ninapowaudhi rafiki zangu, nami sitaacha. Kombora la Phoenix ndilo lililoipa Tomcat jina, na modeli nyingi huja nayo sita: manne tumboni na mawili chini ya mizizi ya mabawa. Basi watu wanayaweka yote. Lakini kila Phoenix ilikuwa na uzito wa kilo 450 hivi, na ndege yenye sita ilikuwa nzito mno kurudi kutua manowarini nayo yote. Marubani walizoea kuruka na mchanganyiko: Phoenix mbili, pamoja na makombora mepesi zaidi, Sparrow mbili au tatu na Sidewinder mbili. Isitoshe, jeshi la majini liliistaafisha Phoenix tarehe 30 Septemba 2004. Modeli yako ikiwa ni F-14D ya VF-31 au VF-213 katika safari ya mwisho juu ya USS Theodore Roosevelt, 2005 hadi 2006, Phoenix hata moja ni kosa. Mpe mabomu. Na ile 160390 ya Agosti 1981 mpe Sidewinder, kwani ndizo zilizoangusha Su-22 siku ile.

Usitumie supa gluu popote karibu na kioo cha marubani. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Kipande kikilegea, tone dogo la gundi nyeupe ya maseremala linatosha, na siku ukitaka kukitoa kitatoka.

Antena au ncha ya pua ikija imepinda, chovya kipande hicho kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, yasiyochemka, sekunde chache. Kinyooshe kwa vidole, kisha kichovye kwenye maji baridi kishike umbo. Kama kimeungana na ndege, mwagilia maji kwa kijiko huku ukiikinga sehemu nyingine kwa kitambaa.

Hatua ya 6: Kabati, chumvi na unyevunyevu

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa nchi kavu na baridi. Sisi wa Tanga, Unguja, Lamu, hata Muscat, tuna upepo wa chumvi, na masika hapa pwani hukaa wiki nyingi.

Kabati liwe la kioo, lenye mlango unaofunga, mbali na dirisha. Jua hugeuza nyeupe kuwa manjano na kuchosha plastiki. Fundi kioo akikutengenezea, atatumia silikoni yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi, na asidi ya siki inakula zinki. Acha kabati wazi mpaka harufu iishe kabisa, wiki mbili au tatu, ndipo uingize ndege. Mbao mpya na mbao za unga uliogandishwa nazo hutoa mvuke wa namna hiyo, kwa hiyo zipakwe vanishi pande zote na zikauke.

Ndani weka kipima unyevu kidogo na vifuko vya silika jeli. Lenga chini ya asilimia 55. Tumia jeli inayobadilika rangi ikishiba, kisha uikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo uitumie tena. Mchele ambao wengine wanashauri huleta vumbi na wadudu.

Usiache tairi laini zikae moja kwa moja juu ya rafu ya plastiki iliyopakwa rangi, maana kemikali ya tairi hupenya na kuacha alama. Weka kipande cha kioo chini yake. Nairobi na Arusha unyevu si adui mkubwa, vumbi ndilo linalosumbua, na huko nguvu yako ielekeze kwenye kuziba nyufa za mlango.

Kuna ugonjwa mmoja usio na dawa: kuoza kwa zinki. Aloi ikichafuliwa na risasi kiwandani, chuma hupasuka chenyewe kutoka ndani baada ya miaka, na joto na unyevu huharakisha. Dalili ni nyufa ndogo kama mizizi, rangi iliyovimba, mwili uliojikunja. Iko zaidi kwenye vitu vya zamani sana, lakini ukinunua modeli iliyotumika, iangalie tumboni kwa tochi.

Hatua ya 7: Kufuta vumbi

Brashi laini ya vipodozi, mpya, ukifuta kutoka puani kuelekea mkiani ili usizipinde antena. Penye doa, pamba ya masikio iliyoloa maji safi kidogo. Spiriti, tina na dawa ya kusafishia vioo zikae mbali, kwani huondoa chapa, na kitakachotoka mwanzo ni zile tarakimu sita ndogo.

Hatua ya 8: Daftari na kibao

Kasha usilitupe. Usilifunge kwa mpira, kwani mpira huo huyeyuka na kuacha alama. Kwenye daftari andika namba ya usajili, namba ya bidhaa ya mtengenezaji, tarehe na bei uliyolipa pamoja na ushuru.

Kisha kata kipande cha karatasi nene, ukiweke mbele ya stendi kama kibao. Anza na tarakimu sita, halafu skwadroni na meli, halafu tarehe. Kibao cha ndege yangu kimeandikwa: 160390. VF-41, USS Nimitz, Ghuba ya Sidra, 19 Agosti 1981. Chini yake, kwa wino uleule: VF-213, USS Abraham Lincoln, Pasifiki, 25 Oktoba 1994, Luteni Kara Hultgreen.